Mweleka wa Mtu Mmoja

Nilipofunguliwa mnyororo kule Dar es Salaam, mtu niliyetamani kumwona kwanza alikuwa Mwinyimvua. Mke sikuwa naye, na mama alikwishatangulia mbele ya haki. Nilitaka nimwambie mtani wangu kwamba nimerudi, shingo yangu imezidi kuwa ngumu, aje tushikane.

Nieleze kwanza nilivyofungwa, kwa sababu watu hudhani kila aliyefungwa miaka ile alifungwa kwa ajili ya vita vya Mdachi. Mimi vita sikuviona. Kilichonifunga ni pamba. Kabla ya vita, sisi watu wa bonde la Rufiji tulilazimishwa kulima shamba la pamba la serikali, huku mpunga wetu wenyewe ukiliwa na ndege. Msimamizi mmoja mgeni, mtu wa kiboko na kelele nyingi, alimchapa bibi kizee mbele ya macho yangu. Mimi ni mcheza mieleka, sina maneno mengi. Nilimshika kiuno, nikamwinua, nikamtua chali katikati ya matuta yake ya pamba. Ulikuwa mweleka safi, na sijui kama alilia kwa maumivu au kwa aibu. Wakanivisha mnyororo wa shingo, nikaenda kuvunja mawe ya barabara pwani. Vita vilianza nyuma yangu. Habari zake nilizipata kwa wafungwa wapya, vipande vipande, na kila askari alipokaribia mtu alikata maneno.

Nikarudi kwa miguu kupitia Kibiti. Kijiji chetu kiko juu kidogo ya Mkongo, pale mto unapopinda, na nilipofika nilidhani nimepotea njia. Nguzo za nyumba zilisimama nyeusi bila makuti. Waliobaki walikuwa wanawake, wazee wachache, na wanaume wawili watatu ambao hawakutazamana machoni. Walikuwa wakila ming'oko waliyoichimba porini, kwa sababu ghala zote zilichomwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwinyimvua. Mkewe, Sikujua, alikuwa anatwanga, na kilichokuwa kinuni hakikuwa mpunga. Mabegani alijitanda shuka ya kiume yenye mstari mwekundu. Niliijua shuka ile.

"Karibu, shemeji," akasema. Hakuacha kutwanga.

"Mtani wangu yuko wapi?"

"Hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Kaenda na wenziwe."

Nikamngoja aseme zaidi. Mchi ulipanda, mchi ukashuka. Nikaelewa kwamba hakuna zaidi, nikaketi chini pale pale kwenye vumbi, nikalia mbele ya mwanamke bila haya. Yeye hakulia. Hilo lilinishangaza, na kwa siku nyingi lilinikera.

Mwinyimvua alikuwa Mmatumbi wa vilimani aliyeteremka bondeni kuoa, akabaki. Mimi ni Mndengereko, kwa hiyo sisi ni watani, na utani wetu si mzaha wa kupita. Aliweza kuingia kwangu akabeba kuku, nami nisiseme kitu. Niliweza kumwita mla nyani mbele ya wakwe zake, naye akacheka. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye humsindikiza. Siku ya msiba mtani huvaa nguo ya marehemu, hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, hugomba kama yeye, mpaka wafiwa wanacheka katikati ya kilio. Kwetu mtu asiyeigizwa na mtani wake hajazikwa vizuri.

"Nikifa miye utafanyaje?" Mwinyimvua aliniuliza mara nyingi. "Weye na miguu yako ya bata, utaweza mwendo wangu?"

"N'tajitegua kifundo kwanza," nilimjibu, "halafu n'tatembea kama weye."

Tulishindana mieleka kila Idi, tangu ndevu zetu zilipoanza kuota. Hakuniangusha hata mara moja. Kila mwaka aliapa kuwa ndiyo mwaka wenyewe, na kila mwaka alikwenda kula pilau yake ya Idi na mchanga mgongoni.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kati ya kijiji na mto. Babu yangu ndiye aliyekifyeka, baba akakitunza, nami nikakirithi. Kwetu anayekitunza huitwa mwenye kiwanja, na kazi yake si ndogo. Udongo wa bondeni ukikauka unakuwa mgumu kuliko tofali, ukimtua mtu juu yake unamvunja. Kwa hiyo mwenye kiwanja huukatua, huuchanganya na mchanga wa mtoni, halafu kila asubuhi hunyunyiza maji kwa ufagio wa majani, kidogo kidogo, vumbi litulie na ardhi impokee mtu kwa huruma. Mwinyimvua hakuacha kunisema kwamba nazidisha maji. Alikuwa anasimama ukingoni, mikono kiunoni, na kuuliza: "Mshamu, tunacheza mieleka au tunapanda mpunga?"

Nilikikuta kimekuwa pori. Mbigili zilikuwa zimetambaa kote, upupu umepanda juu ya magogo ya kukalia, nguruwe wamefukua upande wa mto, na katikati kabisa kichuguu kilisimama kufika kiunoni mwangu. Nikakizunguka mara kadhaa kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake. Sikuwa na shamba, sikuwa na nyumba, sikuwa na mtani. Nilichokuwa nacho duniani kilikuwa hicho, nacho kina nguruwe.

Nilikuwa nimeanza kufyeka pale jumbe alipokuja. Jumbe Sadala alikuwa mtu wetu wa hapo hapo. Serikali ilimweka chini ya akida baada ya jumbe wa zamani kunyongwa, na tangu siku hiyo alitembea kama mtu anayesikiliza nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mimi watu wenye hofu hunichosha.

"Usijisumbue, Mshamu," akasema. "Akida anapataka hapa. Patapandwa pamba mvua zikianza."

"Pamba?" Nikachomeka panga ardhini. "Hamkushiba pamba?"

"Sema polepole, bwana wee."

"Hiki ni kiwanja cha watu, Jumbe. Weye mwenyewe ulipigwa mweleka hapa na Huseni mpaka jino likakutoka."

Akagusa pengo lake kwa ulimi. Nadhani ndicho kilichonisaidia. Akakitazama kichuguu, halafu akasema: "Akida kasema palipo na mchezo wa watu paachwe. Pasipo na watu palimwe. Haya. Siku ya Idi, watu wawili wakishikana hapa na mmoja akaanguka chali mbele ya macho yangu, n'takwenda kumwambia akida kwamba pana watu. Kama hapana, kesho yake ni majembe. Nisikusikie tena."

Ramadhani ilikuwa haijaandama. Nikaona muda ninao. Nilichohitaji ni watu wawili, na mmoja ni mimi.

Nikafanya kazi kama punda. Kichuguu nilikivunja kwa sululu ya kuazima, nikakifukua mpaka kwenye mizizi yake, mchwa wakaniuma mpaka mapajani. Udongo wake niliuponda, maana ni udongo mzuri, unashikana. Nikang'oa mbigili moja moja. Nikasawazisha mashimo ya nguruwe. Magogo yaliyooza nikayatoa, nikaviringisha mengine kutoka msituni, na moja nikaliweka upande wa kivuli, pale Mwinyimvua alipopenda kukaa. Mwenyewe nililala ukingoni, kwenye dungu kuukuu la kulindia mpunga, nikiwasikia viboko wakila majani chini yangu.

Nilipokuwa nikipita kijijini niliwaambia watu: njooni mnisaidie, kiwanja ni chetu sote. Waliitikia. "Tutakuja, Mshamu." "Inshallah, kesho." Hakuja mtu. Nikasema moyoni, wana njaa, wana msiba, niwaache. Nikakatua, nikachanganya mchanga, nikaanza kunyunyiza maji. Majani mazuri ya ufagio yalikuwa mbali, kwa hiyo nilikusanya mabua makavu ya mtama yaliyokuwa yamezagaa, nikayafunga fungu, nikalichovya kwenye kibuyu. Kila asubuhi nilizunguka kiwanja, kibuyu mkono huu, mabua mkono huu, nikirusha matone kulia na kushoto na kuimba nyimbo zetu za mieleka ili watu wasikie kwamba kiwanja kimeamka.

Hapo ndipo waliponikimbia kabisa.

Mwanzo sikuamini. Wanawake waliokuwa wakipita kando ya kiwanja kwenda mtoni waliacha njia ile, wakafuata ya mbali, yenye mamba. Mwajabu, jirani yangu wa zamani, mwanamke aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, alinikuta nimebeba kibuyu akajifunika uso kwa kaniki na kugeuka. Nilipoingia kwenye msikiti wa matope, watu walisogea, nikawa na nafasi ya kuswalia ng'ombe. Salamu zangu walizijibu kwa nusu mdomo. Nikaanza kujiuliza kama nilirudi na ugonjwa usoni nisioujua.

Nilikuwa mpweke, na sioni aibu kulisema. Kwenye mnyororo nilikuwa mfungwa, lakini upande wa pili wa mnyororo palikuwa na shingo ya mtu. Akikohoa unatikisika. Akijikuna unajua. Hapa kwetu nilikuwa huru, na hakuna aliyetikisika nilipokohoa.

Siku moja nikamfuata Mfaume. Yeye ndiye mwanamume pekee aliyebaki kati ya wachezaji wetu. Kabla sijafungwa alikuwa ndiyo kwanza anainuka, mwepesi, mwenye kiuno cha kuteleza. Nilimkuta anasuka mgono wa kutegea kambale mbele ya kibanda chake. Kwa desturi yetu, ukimtaka mtu unachota mchanga wa kiwanjani unaumwaga miguuni pake, naye akiukubali huupiga teke. Nikaumwaga.

Mfaume aliruka kama aliyemwagiwa makaa. Akausukuma mchanga kwa jani, akafuta mguu wake, akafuta tena.

"Mchanga huu umelowa," akasema.

"Una umande. Nanyunyiza kila siku, kwa nini usilowe?"

"Usinitie tena katika mambo hayo, Mshamu. Miye nimerudi peke yangu. Peke yangu, umesikia? Niache."

Na mimi, mjinga, nikakasirika. Nikamwita mwoga. Nikamwambia wanaume wote wa kijiji hiki wamekwisha, wamebaki wasuka migono. Akainamia mgono wake. Niliondoka nikipiga mbigili mateke, na mbigili ni vitu visivyopigwa mateke.

Ramadhani ilikuwa imeingia kumi la mwisho pale Sikujua alipokuja kiwanjani. Ilikuwa mchana, jua kali, mimi nimefunga na koo limekauka, nami nipo kwenye kazi yangu ya kibuyu na mabua. Alisimama ukingoni, vidole vya miguu mbali kabisa na udongo niliousawazisha, ile shuka yenye mstari mwekundu mabegani.

"Shemeji," akasema, "hicho unachofanya kinaitwaje?"

"Si unaona? Nanyunyiza kiwanja. Mumeo angekuwapo angenicheka."

"Na kwa nini mabua ya mtama?"

"Ndiyo niliyoyapata."

Akayatazama mabua, akanitazama mimi. Halafu uso wake ukabadilika, ukalegea. "Lahaula," akasema. "Hujui. Watu wanasema umetumwa, wanasema umekuja kuyaanza upya. Kumbe weye hujui kitu. Hukuwapo."

"Kuanza upya nini?"

"Hapo uliposimama ndipo walipopewa."

"Walipewa nini?"

Akaonyesha kibuyu changu kwa kidevu.

"Maji?" nikasema.

Sikujua akafumba macho. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu niliporudi sikuwa nimemsikia mtu yeyote akilitamka neno hilo. Nilipoomba ya kunywa walisema, "Nikupe ya mtoni?" Aliyekuwa na kiu alisema koo limekauka. Nilikuwa nimesikia, ila sikusikiliza.

Akanieleza akiwa amesimama pale pale. Alikuja mtu na maneno ya mganga wa Ngarambe, kwamba ipo dawa, na Mdachi atashindwa kwa dawa hiyo. Kijiji kikatafuta mahali peupe pa kuwatosha wanaume wote, na mahali peupe palikuwa hapo tu. Wakapangwa safu safu kiwanjani. Yule mtu akazunguka na kibuyu na fungu la mabua ya mtama, akiwarushia matone vifuani, kulia na kushoto. Kila mmoja akafungwa bua kichwani. Waliambiwa risasi zikiwafikia zitageuka kuwa hicho hicho kilichomo kibuyuni.

"Na mtani wangu?"

"Alicheka. Alisema risasi ya kwanza ataipiga mweleka. Alisema Mshamu akirudi ajue kwamba yeye keshawashinda Wadachi, sasa ni zamu ya Mshamu kuanguka." Akaivuta shuka mabegani. "Wakaondoka wakiimba. Nyimbo hizo hizo unazoimba weye asubuhi. Karejea Mfaume tu. Kasema walianguka mstari mmoja, kama mpunga. Hatukuletewa maiti ya kuosha. Hatukuweka matanga. Utaweka matanga ya nani, nawe humwoni? Na aliyeonekana analia, askari walimwuliza mumeo alikuwa wapi."

Kibuyu kilikuwa kizito mkononi. Nilitaka kukitupa, nikaogopa kwamba kitamwagika hapo hapo mbele yake. Nikatoka nacho polepole hadi nyuma ya dungu, nikakiweka chini kama mtoto aliyelala. Mabua nikayavunja vipande, nikayatia moto. Nilimwona Sikujua akiutazama moshi, kisha akageuka akaenda zake.

Nilijilaza mpaka jua likazama. Nilijiona nikizunguka kila asubuhi na kibuyu, nikiimba, na wanawake wale majumbani mwao wakisikia tena wimbo ule ule uliowachukulia waume zao. Nilimtukana Mfaume. Sikuona nianzie wapi kuomba radhi, kwa sababu hakuna aliyetaka hata kusikia nilichokosea.

Lakini Idi ilikuwa inakuja, na pamba nyuma yake. Kiwanja bila maji kitakauka, kitavunja watu. Basi nikaanza kazi nyingine, ya kijinga zaidi. Nilikwenda kwenye fungu la mchanga mtoni, nikauanika mpaka ukakauka ukawa mweupe, nikaubeba kwa pakacha. Mchana kweupe, katikati ya kijiji, ili kila mtu aone kwamba nilichobeba kinamwagika kama mchanga na si kama kitu kingine. Nikaomba na makapi ya zamani ya mpunga kwenye magofu ya ghala, nikayachanganya. Kufikia mwisho wa mfungo kiwanja kilikuwa kikavu na laini, mguu unazama mpaka kifundo. Watu waliacha kunikimbia. Mwajabu aliniitikia salamu nzima. Lakini hakuna aliyesema atakuja kucheza, na mimi sikumwaga tena mchanga miguuni pa mtu.

Siku ya Idi, baada ya swala, Jumbe Sadala alikuja kama alivyoahidi. Alikuja na majembe pia. Aliyaegemeza kwenye gogo bila kuniangalia. Nyuma yake watu wakaja mmoja mmoja, wakasimama mbali, kwenye ukingo wa nyasi, wamevaa vilivyosalia. Hawakukaa kwenye magogo yangu. Nilihesabu nyuso za wanaume, na haikuchukua muda.

Nikaingia katikati peke yangu, kifua wazi. Nikachota mchanga, nikaushika. Nikamtazama Mfaume, naye akatazama chini. Nikawatazama wazee wawili, ambao upepo tu ungewaangusha. Mchanga ukaanza kupenya katikati ya vidole vyangu. Nikawasikia njiwa wa mtoni.

"Basi, Mshamu," Jumbe akasema, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Umejitahidi. Hapana watu."

Hapana watu. Nilisimama hapo, juu ya mahali walipopangwa safu safu, kwenye udongo nilioulainisha kwa mikono yangu, na hasira zikanipanda mpaka masikioni. Walikuwapo! Nani kasema hapana watu? Wamejaa tele hapa, kasoro miguu tu. Na mmoja wao mimi ni mtani wake, na sijamfanyia alichonidai tangu tukiwa vijana.

Nikaenda ukingoni alipokuwa Sikujua. "Shemeji," nikasema, "niazime shuka ya mtani wangu."

Mikono yake ikaishika shuka kwa nguvu. Sikumharakisha. Halafu akaivua, akanipa, mabega yake yakabaki wazi na madogo.

Nikajifunga ile shuka, juu kidogo ya kiuno, upande mmoja ukining'inia, kama alivyojifunga yeye siku zote. Nikakohoa. Mwinyimvua alikuwa na kikohozi chake, kifupi, cha mtu anayetaka kutangaza ushindi kabla ya kazi. Mtu fulani kwenye nyasi akashtuka. Nikaingia kiwanjani kwa mwendo wake, vidole nje, kisigino cha kulia kikikwama kidogo, nikatema mate pembeni, nikaweka mikono kiunoni.

"Yuko wapi?" nikasema kwa sauti yake ya vilimani. "Yuko wapi ntani wangu, yule mla kambale? Mshamu! Tunacheza mieleka au tunapanda mpunga?"

Mwajabu akacheka. Kicheko kilimtoka kama kwikwi, akauziba mdomo kwa kaniki. Nikageuka upande wa pili, nikawa mimi mwenyewe, mwenye miguu ya bata. "Nipo. Leo pia utakula pilau na mchanga mgongoni." Nikageuka tena, nikawa yeye. Nikachota mchanga, nikaumwaga miguuni pangu. Nikaupiga teke.

Tukashikana. Sijui niliwezaje. Mkono wangu wa kulia ulikuwa wake, wa kushoto wangu. Nilijikaza, nikajivuta, nikayumba huku na huku, mguu wake ukitafuta kisigino changu kama ulivyokitafuta kila Idi bila kukipata. Jasho lilinitoka. Na kwa hakika, Mungu ni shahidi wangu, kuna wakati nilisahau kwamba niko peke yangu. Nilisikia pumzi yake. Nilijua anataka kunizungusha kwa kushoto, maana yeye kila mara alitaka kushoto, na kila mara nilimzuia. Safari hii sikumzuia.

Nilianguka chali. Mgongo wote uligusa, mabega yote mawili, na vumbi likapanda juu yangu. Nikalala kama nilivyoanguka, nikitazama mbingu, na sikuwa na nguvu ya kuinuka.

Nikamsikia Jumbe akiuliza, polepole, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa: "Nani kaanguka?"

Kisha nikasikia miguu ikiingia kiwanjani. Sikujua alisimama juu yangu, uso wake ukiziba jua. Kwetu mshindi humwagia mshindwa mchanga kifuani. Akainama, akauchota.

"Kaanguka Mshamu," akasema. "Mume wangu kamwangusha."

Akanimwagia mchanga. Na mchanga ulipomwisha mkononi, akapiga magoti, akalia. Kilikuwa kilio cha msiba, kile cha kuitana, ambacho hakikuwa kimesikika kijijini tangu wanaume walipoondoka. Wanawake wengine wakakidaka ukingoni.

Halafu Mfaume akaingia. Alikuja akichechemea, ingawa yeye miguu yake mizima, bega moja chini, akijikuna kisogo. Ilinichukua muda kumtambua, ndipo mama mmoja akapiga kelele, "Huseni! Mwanangu Huseni!" akicheka na kujipiga kifua. Nyuma ya Mfaume akaja mzee mmoja, anavuta ugoro usiokuwapo, anapiga chafya kama mwanamume ambaye wote tulimjua. Mwajabu akajifunga kaniki kiume. Kila mwenye mtani aliyekufa aliingia na mwendo wake, na asiyekuwa na wa kumwigizia mtu wake alimshika jirani: unakumbuka alivyokuwa akicheka, hebu nichekee. Kiwanja kikajaa. Walikuwa wakilia na kucheka na kuangushana, na kila aliyeanguka aliitwa kwa jina la marehemu.

Jumbe Sadala alikwenda kwenye gogo. Kisha akayakusanya majembe yake, akayaweka begani.

"Pana watu," akasema, huku machozi yakimwingia kwenye lile pengo la jino. "Akida akiniuliza, n'tamwambia pana watu."

Kesho yake asubuhi nilikikuta kiwanja kimekanyagwa chote, vumbi jekundu juu ya magogo. Nilikuwa nimesimama na kibuyu kitupu, sijui nikipeleke wapi, pale Sikujua alipopita na mtungi kichwani. Alikuwa amerudi kwenye njia ya karibu.

"Unangoja nini, shemeji?" akasema. "Kiwanja kina vumbi. Kanyunyize maji."

Alilisema neno lile kwa sauti ya kawaida, akaendelea na safari yake.

Nikachota mtoni, nikakata majani mabichi, nikazunguka peke yangu nikinyunyiza kulia na kushoto mpaka vumbi likalala. Nilizidisha kidogo, kama kawaida yangu. Nilipomaliza nilitazama upande wa gogo la kivulini, nikangoja. Nilijua hakuna mtu pale. Lakini nilingoja. Mwishowe nikaweka mikono kiunoni, nikasema mwenyewe, kwa sauti yake: "Mshamu, tunacheza mieleka au tunapanda mpunga?"

Sauti ilitoka vizuri sana, hata Sikujua angeshtuka. Nikafungua kinywa nimjibu, nikakosa la kusema.